Ferris, Max au Jess: mtundu yupi umuweke kwenye shuka likizo hii?

Kila skuli zikikaribia kufungwa wapwa zangu huanza kunisumbua kwenye simu, mjomba safari hii tunatizama nini, maana kwetu Kikwajuni likizo haijawa likizo mpaka lile shuka jeupe la bibi litundikwe uwani kwenye kamba ya nguo, projekta ya kuazima iwekwe juu ya kinu kilichopinduliwa, na watoto wa jirani waje na mikeka yao. Safari hii wameomba komedi, na si komedi yoyote, wanataka "mtoto mtundu lakini unampenda", maneno ya mpwa wangu wa kidato cha pili hayo, na mie nikajikuta nimekwama baina ya filamu tatu ambazo zote nazipenda. Najua si mie peke yangu. Kuna mwalimu wa klabu ya skuli, kuna dada anaetaka kuwawekea wanawe kitu Ijumaa usiku, kuna vijana wanaorekodi vikomedi vyao kwa simu pale Forodhani, wote hawa wanamtafuta mtu mmoja, kijana anaevunja sheria na huku sisi tuko upande wake.

Zenyewe ni hizi. Ferris Bueller's Day Off ya 1986, kaiandika na kuiongoza John Hughes, Matthew Broderick ndo Ferris, kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari karibu na mji wa Chicago anaejifanya mgonjwa ili apate siku moja ya kuzurura. Ya pili Rushmore ya 1998 (mwaka ule ule ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar, ilipoanza kuonesha filamu), ya Wes Anderson, humo Jason Schwartzman ni Max Fischer, miaka 15, mwanafunzi wa skuli ya kulipia ambae yumo kwenye kila klabu na alama zake mbovu kuliko wote. Na ya tatu Bend It Like Beckham ya 2002, ya Gurinder Chadha, Parminder Nagra ni Jess, msichana wa familia ya Kipunjabi magharibi ya London anaecheza mpira kwa siri.

Navyozipima

Huyu mtundu sisi tunamjua zamani, tumekua nae. Abunuwasi ni nani kama si huyu? Chukua ile hadithi ya sufuria, jirani anaambiwa sufuria yako imezaa, anapokea kitoto cha sufuria na anafurahi, halafu siku ya pili anaambiwa sufuria imekufa na hana la kusema, kwa sababu aliekubali kuzaa itabidi akubali na kufa. Tunacheka kwa raha kwa vile aliedanganywa aliingizwa na tamaa yake mwenyewe. Angekuwa kamdanganya mjane tusingecheka, tungeondoka barazani.

Kwa hivo kipimo changu cha kwanza ni hicho, anamdanganya nani na huyo mtu anastahili au hastahili. Cha pili, haiba yake inatoka wapi, kwa sababu kuna haiba ya ulimi, kuna ya juhudi, kuna ya aibu. Cha tatu, na hiki kwangu ndo kizito kuliko vyote, utundu ukishaharibu kitu nani analipa. Cha nne, utaitizama na nani, maana uwani kwetu wamo wa miaka tisa na yumo bibi na tasbihi yake. Cha tano ni lugha, kicheko kinavuka bahari au kinabaki huko huko.

Anamdanganya nani

Ferris anadanganya watu wa aina mbili na inafaa uzitenge. Asubuhi anawadanganya wazazi wake, analamba viganja vikawa na unyevu wa baridi, mama akimshika mkono anaamini mtoto anaumwa, na hawa wazazi ni watu wazuri hawakumkosea kitu. Hapo nacheka lakini nacheka huku roho inanisuta. Ila akishatoka nyumbani mambo yanageuka. Kuna mwalimu wa nidhamu, Ed Rooney, ambae hamtafuti Ferris kwa kumpenda, anamtafuta kwa chuki, na Ferris alieomba gari akapewa kompyuta anaitumia kompyuta ile ile kuingia kwenye rekodi za skuli, siku tisa za utoro zinashuka mpaka mbili huku Rooney anaziona kwa macho yake. Halafu kuna ule mkahawa wa matajiri, yule wa mlangoni anawatizama watoto watatu kwa dharau, Ferris anajiita Abe Froman, mfalme wa soseji wa Chicago, na meza inapatikana. Hapo ni Abunuwasi mtupu.

Max yeye hana mpaka. Anawaambia watu babaake ni daktari wa kupasua ubongo, kumbe ni kinyozi, na kinyozi mwenyewe mpole wa kupigiwa mfano, na kwangu huo ndo uongo mchungu kuliko wote katika filamu tatu hizi. Anampenda mwalimu wa kike, na kwa ajili yake anaanza kujenga akwariamu kwenye kiwanja cha besiboli bila ya ruhusa ya mtu, anafukuzwa. Baadae anagombana na tajiri aliekuwa rafiki yake, Herman Blume, kachezwa na Bill Murray, wanalipizana visasi mpaka nyuki wanatiwa kwenye chumba cha hoteli na breki za gari zinakatwa. Breki za gari jamani. Hapo utundu umeshavuka, na filamu yenyewe inajua kwamba umevuka.

Jess anawadanganya wazazi tu, lakini anawadanganya kila siku. Anasema kapata kazi, kumbe yupo mazoezini, anasafiri na timu mpaka Hamburg nyumbani hawajui. Hawa wazazi nao hawastahili, ila sheria wanayoiweka, kwamba mtoto wa kike asikimbie uwanjani miguu wazi mbele ya watu, inamnyima kitu ambacho hana chengine anachokiweza hivo. Hapa kwetu sihitaji kulieleza hili, kila alie na dada au mtoto wa kike mwenye mguu mzuri wa mpira analijua, na analijua kutoka pande zote mbili, ya mtoto na ya mzee.

Haiba inatoka wapi

Ferris anageuka anazungumza na wewe. Yaani katikati ya filamu anaitizama kamera anakueleza anavofikiri, kama mtu aliekaa na wewe barazani, na ndo maana huwezi kumkasirikia, umeshakuwa mshirika wake. Broderick alikuwa na miaka 23 wakipiga picha na Alan Ruck anaecheza rafiki yake Cameron alikuwa na 29, lakini hulioni hilo. Na kingine kinachompa haiba ni namna watu wanavomzungumza akiwa hayupo, asubuhi anaumwa, saa sita yuko mahututi, jioni wanachangisha pesa na tangi la maji limeandikwa mwokoeni Ferris. Hapa Mjini tunazijua habari za namna hiyo, mtu kajikwaa Darajani, zikifika Malindi kashasomewa khitma.

Max hana ulimi mtamu, ana juhudi. Huyu mtoto anaandika tamthilia za skuli zenye miripuko na helikopta, anavaa koti na tai kama mkurugenzi wa benki, na hakuna anachokifanya nusu nusu. Wengine hawampendi hata kidogo na siwalaumu. Mie nampenda kwa sababu Schwartzman alikuwa na miaka 17 kweli na ilikuwa filamu yake ya kwanza, unamuona mtoto anaejaribu kuwa mtu mzima kwa nguvu zote na nguo hazijamkaa.

Jess haiba yake ni aibu. Anazungumza na picha ya Beckham ukutani kwa sababu hana mwengine wa kumwambia, na ana kovu la moto mguuni linalomfanya aone haya kuvaa bukta. Lile kovu ni la Nagra mwenyewe, aliungua mdogo, likaingizwa kwenye hadithi, na unalihisi kwamba si la kutengeneza.

Nani analipa

Hapa ndo filamu hizi zinapoachana kabisa, na ningekuomba ukae hapa kidogo kabla hujachagua.

Ferris halipi chochote. Anaanza siku anacheka na anamaliza siku anacheka, dakika ya mwisho anaokolewa na dadaake Jeanie ambae mchana kutwa alikuwa anataka kumkamatisha. Anaelipa ni Cameron. Cameron ndo mwenye gari, au tuseme babaake, Ferrari 250 GT California ya 1961 ambayo mzee anaipenda kuliko anavompenda mwanawe, (kwenye seti walitumia magari ya kuigiza, usiumie roho), na Ferris ndo alielazimisha itolewe. Wanaume wa kuegesha magari wanaichukua wanaenda kuipururisha, kilomita zinapanda, wanarudi nyumbani wanajaribu kuzirudisha kwa kuliendesha gari kinyumenyume likiwa juu ya jeki na kilomita hazirudi, na Cameron aliekuwa mwoga filamu nzima anaanza kulipiga mateke lile gari, analipiga analipiga, mwisho linachoropoka linapita kwenye kioo linaangukia bondeni. Ferris anamwambia nitasema ni mie. Cameron anakataa. Anasema atamngoja babaake azungumze nae mwenyewe.

Bibi alipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza aliuliza kitu kimoja tu, "Na gari la watu je?" Uwani pote kimya. Mpwa wangu mkubwa akajibu, bibi, Cameron alikuwa mfungwa, katoka. Wakabishana wale wawili mpaka filamu imekwisha, na mie nadhani wote walikuwa na haki, ndo maana naipenda. Ferris habadiliki, anaebadilika ni mwenzake, na kuna tukio moja dogo kabla ya hapo, kwenye jumba la picha la Chicago, Cameron anasimama mbele ya mchoro mkubwa wa Seurat wa watu wanaopumzika ukingo wa mto, anamtizama mtoto mdogo kwenye ule mchoro, kamera inasogea, inasogea, mpaka sura ya mtoto inakuwa vitone tu vya rangi hakuna mtu tena. Filamu ya kuchekesha, na ghafla unakaa unamuonea huruma mtoto wa tajiri.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Mtoto wa Ng'ambo akibadilisha mahudhurio ya skuli halafu akachukua gari la mzee wa mwenzake, hatorudi kitandani akacheka. Ferris ni mtoto wa nyumba nzuri ya mtaa mzuri na kila mlango unamfungukia, kuna vijana wanalihisi hilo na filamu inawakaa kooni. Mwambie mapema kijana wako kwamba hii ni ndoto ya siku moja, atacheka vizuri zaidi.

Max analipa mwenyewe, na analipa polepole. Anafukuzwa, anapelekwa skuli ya serikali, anapoteza marafiki, anakaa kwenye saluni ya babaake anafagia nywele. Na malipo yenyewe yanakuwa dawa, kwa sababu siku anayomchukua Blume mpaka pale saluni akamwambia huyu ndo baba yangu, hakuna muziki mkubwa, hakuna kilio, na mie kila mara hapo najishika. Uongo umeisha hivo tu, kwa kumtambulisha mzee.

Kwa Jess wanalipa nyumba nzima. Dadaake Pinky anaolewa, uongo wa Jess unafikia mpaka kwenye harusi, na fainali imeangukia siku ile ile. Halafu kuna baba, kachezwa na Anupam Kher, na huyu baba ana siri ambayo kwetu sisi inatugusa kuliko mtazamaji wa London, yeye alikuwa Nairobi ujanani, mrushaji mpira hodari wa kriketi, na alipofika Uingereza wazungu wa vilabu walimcheka kilemba chake wakamkatalia, akaapa hatocheza tena. Chadha mwenyewe kazaliwa Nairobi 1960, kwa hivo Afrika Mashariki haikuingia mle kwa bahati. Sisi ambao mitaa yetu bado ina milango na mabaraza ya familia za Kihindi zilizohamia huko huko Uingereza, tukimuona yule mzee anasema mie nilikubali kushindwa sitaki na mwanangu akubali, tunajua anazungumzia nini. Anamruhusu aondoke harusini akacheze. Kwa hivo sheria haikuvunjwa, mwenye sheria kaifungua mwenyewe, na hilo ni tofauti kubwa na Ferris.

Utaitizama na nani

Kwa ufupi, na ni muhimu. Ferris Marekani walipewa alama ya PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu na walio chini ya miaka 13, kuna matusi na mabusu, lakini kwa bibi kilichomuudhi si hayo, kilichomuudhi ni pale Cameron anapopiga simu skuli akijifanya baba wa Sloane, mpenzi wa Ferris, na kusema bibi yake msichana kafariki ili atolewe darasani. "Kifo hakisingiziwi," ndo maneno yake, na kweli kwetu hakisingiziwi. Rushmore imepewa alama kali kabisa kuliko hizi nyengine, wanavuta sigara, wanazungumza mambo ya chumbani waziwazi, na kijana kumpenda mwalimu si jambo la kuweka mbele ya watoto wa madrasa. Isiende uwani. Jess ina harusi, ina nyimbo, ina mama anaelazimisha mtoto ajue kupika, na bibi ambae ujana wake alikuwa akivaa buibui lake akaenda Majestic kule Vuga kutizama filamu za Kihindi anaingia humo mzima mzima, ila kuna klabu ya usiku na ulevi Hamburg, kuna wasichana wa timu wakibadilisha nguo, kuna mama mmoja anaedhani mwanawe ana mapenzi na msichana mwenzake na hilo linazungumzwa sana, na kuna kijana rafiki wa Jess anaemwambia kwamba yeye anapenda wanaume. Uijue mapema, usije ukakimbilia rimoti mbele ya wageni.

Lugha

Ferris ina Kiingereza cha haraka lakini nusu ya kicheko iko kwenye mwili, Rooney matopeni, Rooney na mbwa, na yule mwalimu wa uchumi anaeita jina la Ferris kwa sauti ile ile moja wakati kiti kitupu, watoto wote uwani waliitikia "hayupo!" bila kuambiwa. Jess inaeleweka hata ukizima sauti, ukiniuliza kichekesho bora ni pale anapopiga frikiki na ule ukuta wa mabeki anauona ni mamaake na mashangazi wamesimama na sari zao wamemkunjia uso. Rushmore ndo ngumu. Watu wake hawachekeshi kwa kelele, wanasema kitu cha ajabu kwa uso mkavu na kamera inatulia, ukiwa na mtafsiri anaepiga kelele mbele ya shuka umeshaiua. Ina dakika 93 tu, Ferris 103, Jess 112, na ukianza baada ya Isha hesabu na watoto watakaolala.

Sasa uchague vipi

Kama uwani wamo wazee, wasichana na watoto wa umri tofauti, na una mkono mwepesi wa kuruka sehemu mbili tatu, Jess itawapa mazungumzo mpaka asubuhi. Kama ni vijana watupu wa sekondari wamemaliza mitihani na wamechoka, na unataka wacheke mpaka washike mbavu, Ferris, lakini ukae nao mwisho uwaulize nani mhusika mkuu, yeye au Cameron, utashangaa majibu. Kama una kijana mmoja, mkubwa kidogo, yule anaeandika mashairi daftarini, anaona skuli haimfahamu na nyumbani anaona haya kazi ya babaake, muwekee Rushmore usiku nyinyi wawili tu, laptopu inatosha.

Na kama unaandika komedi yako mwenyewe, chukua kutoka kwa zote tatu. Kwa Ferris chukua namna anavomfanya mtazamaji mshirika, mtundu wako azungumze na kamera ya simu dakika mbili tu na tayari tuko nae. Kwa Max chukua ujasiri wa kumuacha mtundu wako akosee kweli, awe na aibu kweli. Kwa Jess chukua wazazi wenye sababu zao, maana mzee wa Kipemba akimkataza mwanawe kitu ana historia nyuma yake, ukimfanya ni wa kuchekwa tu watu wa Wete na Mkoani watakuzimia simu. Na mtundu wako mtafutie sheria ya hapa hapa. Kuruka baharini pale Forodhani na nguo za skuli. Kumtoa mwenzako chuoni kwa kumwambia ustadh babaake kafika na boti. Halafu jiulize yule ustadh anastahili au hastahili, ndo utajua unaandika komedi ya namna gani.

Mie Ijumaa hii bibi yupo, naweka Jess. Ferris iko kwenye fleshi, Jumamosi bibi anakwenda Bububu kwa shangazi.